Kumi Bora ya Forodhani, Kasoro Moja Iliyoliwa

Sauti za Busara ni tamasha la muziki. Nalisema mapema asije mtu akatudai chenji. Lipo tangu 2004, hufanyika Februari, na kwa miaka mingi jukwaa lake kubwa limekuwa ndani ya Ngome Kongwe, Unguja mjini. Watu hupanda ndege mbili tatu kuja kusikia magitaa ya mbali na taarabu ya hapa hapa. Sisi wanne tulikata tiketi, tukafungwa vikuku vya tamasha mkononi, tukafika mlangoni, na pale pale upepo ukavuka barabara kutoka Forodhani umebeba harufu ya nyama juu ya makaa. Kwa masiku matatu tuliingia Ngomeni mara mbili. Mara ya pili ilikuwa kutafuta choo.

Muziki hatukuukosa lakini. Bustani ya Forodhani na Ngome zinatazamana, katikati barabara tu, na ukuta uliojengwa kuzuia maadui haujui la kufanya na besi. Jina Forodhani lenyewe ni la ushuru: hapa ndipo mizigo ilipokuwa ikishushwa, ikipimwa, ikitozwa. Siku hizi mizigo ina bandari yake, kwa hiyo anayepimwa na kutozwa ni mgeni. Bustani ilianza 1936, ikachakaa, ikakarabatiwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni na kufunguliwa upya 2009. Mchana ni ya wazee na paka. Magharibi ikishasaliwa, meza zinatoka, taa zinawaka, moshi unapanda, na paka wanabaki pale pale, sasa wakiwa na sababu.

Waamuzi ni hawa. Mpemba, mwalimu wa Wete, ambaye kila kizuri ulimwenguni kwao kipo na ni kikubwa zaidi. Bi Mahesabu, mhasibu wa Dar, aliyevuka na boti na kufika na orodha ya matumizi kabla hatujatumia. Nairobi, tunayemwita kwa jina la mji wake kwa sababu hauachi hata akiwa usingizini. Na mimi, mtoto wa Ng'ambo, niliyepewa kazi ya kuandika kwa kuwa ndimi pekee niliyekubali kunawa mikono kila baada ya sahani.

Kanuni aliileta Bi Mahesabu. Utamu, alisema, hauna risiti. Wangu si wako. Kinachohesabika ni ubishi. Chakula kikitua mbele yetu, tutazame saa: tumebishana juu yake dakika ngapi? Chenye maneno mengi kipande, kilichotunyamazisha kikae mkiani. Mpemba aliipinga kanuni hiyo kwa dakika tano, na hapo ndipo tulipojua inafanya kazi.

Tuanzie mkiani.

10. Kambakoche (dakika 0)

Meza ndefu, kitambaa cheupe, taa ya kuwaka macho. Nyuma yake muuzaji mwenye kofia ya mpishi ndefu kama mnara, na mbele yake bahari nzima imechomekwa vijiti: jodari, nguru, changu, ngisi, kamba, na katikati, kama bwana harusi, kambakoche. Muuzaji anawataja kwa lugha nne bila kupumua. Ukinyoosha kidole kuuliza, umeshanunua.

Nairobi aliuliza bei kwa Kiingereza. Akaambiwa. Akanigeukia: "Sasa hii ni bei ama ni namba ya simu?" Alikuwa bado anahesabu kwa shilingi za kwao, ambazo moja hununua kama 20 zetu, na hata hivyo alishtuka. Nikauliza mimi kwa Kiswahili, ikashuka nusu. Akauliza Mpemba kwa Kipemba, ikashuka tena, na laiti tungekuwa na bibi yake pale nadhani tungelipwa sisi.

Tukachukua mmoja wa kugawana. Alikuwa amelala pale mezani tangu alasiri, akarudishwa motoni mbele yetu kwa heshima zote, akaja mkavu kama barua ya serikali. Tukala. Hakusema mtu. Kila mmoja alikuwa akigawanya kwa nne moyoni.

"Kafa mara mbili huyu," Mpemba alisema mwishoni. "Mara moja baharini, mara ya pili hapa." Lakini hiyo ni rambirambi, haihesabiki kuwa ubishi. Sifuri.

9. Shawarma (dakika 1)

Nzuri. Nairobi akasema kwao ipo. Bi Mahesabu akasema kwao ipo. Mpemba akasema Wete ipo. Dakika ikaisha.

8. Piza ya Zanzibar (dakika 6)

Kijana anachukua donge la unga lisilozidi yai, analipiga, analivuta, analitandaza mpaka unaona meza kupitia kwake. Nyama ya kusaga, kitunguu, yai, jibini, mayonezi. Anakunja pembe nne kama bahasha ya posa, anaitupa kwenye chuma cha moto. Kumtazama ni nusu ya utamu. Nusu nyingine inategemea kama mafuta yale ni ya leo.

"Waitaliano wanajua?" Nairobi aliuliza.

"Wajue nini?" Mpemba akamjia juu. "Nyanya zenyewe wamezipata Amerika. Mtu anayepika kwa nyanya ya kuazima asituulize jina."

Na kweli ukiitazama sura, piza hii haina damu ya Italia hata tone. Ndugu yake wa karibu yuko Mombasa, anaitwa mkate wa mayai. Waarabu wana mutabaki, Wamalesia wana murtabak, na ukiwakusanya wote kwenye picha moja ya familia utaona masikio yanafanana. Hii ya kwetu ndiyo iliyoolewa na mtalii ikabadili jina.

Ingefika mbali zaidi kama Bi Mahesabu hangeagiza ile ya ndizi na Nutella. Ilipofika, Mpemba alisogeza kiti chake akakaa na meza ya jirani. Tulimwomba arudi. Alisema atarudi ikiliwa.

7. Muhogo wa kuchoma (dakika 8)

Hapa nilikosea kutoa historia. Nilisema kwamba muhogo umeletwa na Wareno kutoka Amerika, na pilipili tunayoupaka vilevile, na kwamba ile Ngome iliyo mbele yetu Waarabu wa Oman waliijenga baada ya kuwafukuza Wareno hao, mwishoni mwa karne ya 17.

"Kwa hiyo mlimfukuza mgeni mkabaki na mzigo wake," alisema Bi Mahesabu.

"Ndiyo ushuru wa forodha," nikamjibu, na hiyo ndiyo nukta yangu moja ya usiku ule, naomba isisahaulike.

Lakini ubishi wenyewe haukuwa wa Wareno. Ulikuwa wa ndimu. Nairobi alikumbuka kwamba aliwahi kula muhogo Mombasa, pale Mama Ngina, akitazama meli zinaingia Kilindini, muhogo umepasuliwa katikati, ukapakwa pilipili ya unga na chumvi na kukamuliwa ndimu, na kwamba ule ulikuwa na adabu kuliko huu. Mimi nikatetea ukwaju. Mpemba akasema muhogo wa kweli hauchomwi, hupikwa kwa nazi asubuhi na samaki pembeni. Wote tulikuwa na haki, ndiyo maana hatukufika popote.

6.

Ilikuwa sambusa. Mpemba aliila kabla ya kura. Anadai hakujua kama ni ya mashindano. Nafasi inabaki wazi, kama kiti cha mbunge aliyefariki, na uchaguzi mdogo haujatangazwa.

5. Pweza (dakika 14)

Pweza wa Forodhani huwa amelazwa mezani mzima mzima, mikono minane imejikunja kama anaona haya. Unaonyesha mkono, unakatwa, unachomwa, unamiminiwa ukwaju. Akiwa amepigwa vizuri kabla, maana pweza asiyepigwa hatafuniki, anakuwa laini kiasi cha kukusahaulisha bei. Akiwa hakupigwa, unatafuna mpaka msanii wa pili anapanda jukwaani.

Nairobi alikuwa amesoma kwamba pweza ana mioyo mitatu na damu ya buluu. Ni kweli. Ilikuwa taarifa ya sayansi tu, lakini ilitua kwenye meza isiyo na adabu.

"Mioyo mitatu," Mpemba alisema kwa huruma, "na anavunjwa yote kwa ukwaju."

"Mwanamume mwenye mioyo mitatu," alisema Bi Mahesabu, "kila moyo una nyumba yake na kodi yake."

Kisha likaja lile swali ambalo halikosi pweza akitajwa, hasa supu yake. Kila mtu wa pwani anajua supu ya pweza inasemwa inafanya nini, na kila mtu anadai anainywa kwa ajili ya mafua. Tulimwendea muuza supu, mzee mtulivu, Mpemba akamwuliza kwa adabu zote: "Ami, eti haya maneno ni ya kweli?"

Mzee akakoroga sufuria. "Mimi nina watoto tisa."

Tukashangilia.

"Supu nimeanza kuuza baada ya wa tisa," akamalizia. "Kulipa ada."

Dakika nne kati ya zile 14 lazima nikiri zilikuwa za Mpemba peke yake, akieleza jinsi pweza wa kwao wanavyopatikana: wanawake wanaoshuka mwambani maji yakipwa, fimbo mkononi, wakisoma mashimo kama mtu anavyosoma gazeti. Na kwamba Kisiwa Panza, huko kusini ya Pemba, wavuvi wenyewe hukubaliana kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi, asiguse mtu, ili siku ya kufungua pweza wawe wamekua. Pweza hukua upesi mno. Ukimpa miezi michache tu anarudi na uzito wa kujivunia. Nairobi aliuliza nani analinda mwamba usiku. "Majirani," Mpemba alisema. "Hakuna polisi mkali kama jirani anayetaka pweza huyo huyo." Hakuna aliyembishia. Iliniuma kidogo kuona dakika zinapotea kwa kukubaliana.

4. Mishikaki na mkate wa ufuta (dakika 17)

Bi Mahesabu alitangaza kwamba Dar mishikaki ni watu watatu juu ya bodaboda moja, na kwamba ile ya nyama ni jina la utani tu. Tukaanzia hapo.

Mimi nilikuwa na hoja nzito zaidi: kwamba hapa nyama ni kisingizio. Kinacholiwa ni mkate. Mkate wa ufuta wa Unguja ni unga uliokandwa kwa tui la nazi ukaumuka, ukabandikwa kwenye chungu cha moto mpaka ukashika chini, halafu chungu kikageuzwa uso kwa uso na makaa, ufuta ukabadilika rangi mbele ya macho yako. Unatoka laini ndani, mkakamavu nje, na una harufu ambayo ndege kutoka Nairobi haitoshi kuifidia. Ukichoma mishikaki ukaifutia ndani ya mkate huo, mafuta ya nyama yanaingia kwenye nazi, na hapo hata Bi Mahesabu aliacha kuandika.

Mpemba alipinga ukubwa wa vipande. Vipande vya nyama vya Forodhani, alisema, vinakatwa na mtu anayeogopa kumwumiza ng'ombe. Nairobi akasema kwao kilo ya nyama ni kilo, inaletwa juu ya ubao, inakatwa mbele yako, hakuna kijiti cha kuificha. Nikamwambia kijiti hakifichi, kinaheshimu. Akaniuliza kinaheshimu nini. Dakika nne zikapita nikitafuta jibu. Bado natafuta.

3. Juisi ya miwa (dakika 19)

Kwanza ikabidi tuamue kama kinywaji kinaruhusiwa. (Dakika 5. Kinaruhusiwa. Kumbukeni hilo, litarudi.)

Mashine ni gurudumu kubwa la chuma na magurudumu mengine madogo yanayosagana. Muwa unaingia mzima, unatoka umebapa, unakunjwa katikati, unatiwa kipande cha tangawizi na ndimu ndani ya mkunjo, unarudishwa. Mara ya tatu muwa hauna siri tena. Bilauri inajaa povu la kijani, barafu kwa anayeamini maji ya barafu. Bi Mahesabu aliamini. Aliamini pia kesho yake asubuhi, lakini kwa sauti ya chini.

Juisi hii hunywewa vyema zaidi jua likizama, ukiwa umekaa ukingoni, kwa sababu saa hiyo ndiyo vijana wa makachu wanaruka. Wanatoka mbio kutoka bustanini, wanakanyaga ukingo wa ukuta, wanapaa juu ya bahari wakijipinda hewani, mmoja na kofia, mmoja na viatu, mmoja amevaa suti ambayo sikuuliza ilikuwa ya nani. Watalii wanapiga picha. Sisi tulitoa alama, na hapo ndipo zile dakika nyingine 14 zilipokwenda, maana Mpemba hakumpa mtu zaidi ya sita.

"Wewe ungeweza?" nikamwuliza Nairobi.

"Mimi nikiruka hapo, hiyo ni habari ya saa moja jioni, na picha yangu ya kitambulisho."

2. Urojo (dakika 34)

Urojo hatukuula Forodhani. Unauzwa, sikatai, lakini urojo wa kweli hulika alasiri, vichochoroni, kwa bi mkubwa aliyeanza kuuza kabla ya kuzaliwa tamasha lolote, na anayefunga sufuria ikiisha, si saa ikifika. Kichochoro sikitaji. Nyie mnapita, mimi naishi hapa mwaka mzima.

Kwanza bakulini vinaingia viazi vya kuchemsha. Kisha kachori, bajia, mishikaki ukiwa na uwezo, yai ukijipenda. Juu yake linamwagwa lile rojo la manjano, la unga wa ngano na bizari, lenye uchachu wa embe mbichi au ukwaju. Halafu chatini ya nazi. Halafu pilipili. Halafu, juu kabisa, chipsi nyembamba za muhogo, ambazo una dakika mbili tu za kuzila kabla hazijalainika na kukuaibisha.

Nairobi aliangalia bakuli lake kwa muda. "Sasa hii ni supu ama ni saladi?"

Kichochoro kizima kilinyamaza. Mtoto mmoja aliacha kutafuna. Bi mkubwa aliinua upawa, akamtazama mgeni wetu kwa upole wa mtu aliyelea wajukuu wengi.

"Mwanangu," akasema, "ni urojo."

Ingetosha, lakini Mpemba hakuridhika. Akasema rojo hili ni jepesi, kwao Pemba linasimamisha kijiko. Bi Mahesabu akasema hata Dar upo, watu huuita Zanzibar mix, na ni mzuri. Mimi nikasema wa Dar ni urojo kama vile picha ya bahari ilivyo bahari. Akaniuliza nilikula wapi. Nikamwambia. Akasema hapo hapana hadhi, kuna mahali pengine. Nikasema kila mtu wa Dar ana mahali pengine. Kutoka hapo tukaingia kwenye embe dhidi ya ukwaju, tukatoka tukaingia kama bajia iwe ya dengu au ya kunde, tukakosana, tukapatana, mtu akaongeza pilipili.

Katikati ya hayo Mpemba alitulia ghafla, akageuza bakuli lake huku na huku kama mtu wa uhamiaji. "Kachori Mhindi. Muhogo Mreno. Pilipili Mreno. Kiazi sijui alipita wapi. Bakuli hili lina pasipoti nyingi kuliko uwanja wa ndege."

"Na halijaombwa viza," alisema Nairobi, ambaye wakati huo alikuwa kwenye bakuli la pili na hakuuliza tena ni supu au ni saladi.

Kwa saa ya Bi Mahesabu tulifika dakika 43. Lakini alikata 9, kwa sababu wakati huo wote Mpemba hakuwa akibishana, alikuwa akikohoa. Aliagiza pilipili ya kiume ili atuonyeshe. Ametuonyesha.

Wengi mtasema urojo ndio ulistahili kileleni. Na mimi moyoni ndivyo nilivyokuwa nimeandika tangu siku ya kwanza. Lakini kanuni ni kanuni.

1. Kahawa (dakika 52, halafu simu ikazima)

Usiku wa mwisho. Wenye meza walikuwa wanakunja vitambaa, paka wameshiba, na ndani ya Ngome anapiga msanii mkubwa wa tamasha, yule ambaye sura yake ilikuwa kwenye mabango na ambaye kwa ajili yake, kwa hesabu, ndiyo tulikata tiketi. Tulikuwa tumekaa ukutani kando ya bahari. Kutoka gizani ukasikika mgongano wa vikombe: muuza kahawa, dele mkono mmoja na makaa chini yake, vikombe viwili vidogo mkono wa pili, anavigonganisha kwa mdundo. Alikuwa anakwenda sawa na ngoma ya Ngomeni na sidhani alikuwa anajua.

Kahawa chungu, nyeusi, bila sukari. Kipande cha kashata kwa anayehitaji kubembelezwa.

Nikapendekeza iandikwe. Mpemba akasimama. Kahawa si chakula, alisema. Nikamkumbusha juisi ya miwa. Akasema juisi ya miwa ina mwili, ukiiacha inaganda. Kahawa ni maji yaliyokasirika. Nairobi, ambaye kahawa ya nchi yao inauzwa duniani kote huku watu wao wakinywa chai, alisema ana haki ya kuzungumza kama mkulima. Tukamwuliza kalima wapi. Akasema ana shangazi.

Ili kupunguza joto, Mpemba akafungua mfuko wake akatoa halua. Aliibeba tangu Wete, siku zote hizo hakuitaja, huku akila mishikaki yetu. Halua nyeusi yenye kung'aa, samli na hiliki, inayotikisika ukiigusa. Ikazaa ubishi wake: kama halua bora ni ya Wete au ya Maskati. Sanaa yenyewe ilitoka Oman, hilo hakuna wa kulikataa, na watu wengi wa visiwani waliohamia huko baada ya Mapinduzi ya 1964 wanayo ya huko kila kona. Lakini Mpemba ana mama mdogo Maskati, na kila anayesafiri kwenda kwake huagizwa kitu kimoja.

"Halua ya Wete?" aliuliza Bi Mahesabu.

"Ya Wete. Anakaa kwenye chimbuko la mto, anaagiza maji kutoka kwetu."

Kikombe cha pili. Tukahamia kwenye Beit al-Ajaib, ambayo ilikuwa pale mkono wetu wa kushoto, gizani, na mabati ya ujenzi. Sultan Barghash aliijenga 1883, baadaye ikatiwa umeme na lifti watu wakaja kushangaa, na tarehe 25 Desemba 2020 upande mmoja ukaporomoka. Mpemba anataka ijengwe kama ilivyokuwa, jiwe kwa jiwe. Bi Mahesabu aliuliza bajeti. Nairobi aliuliza kama lifti itarudi, maana yeye ngazi hapendi. Mimi nilisema nilipokuwa mdogo nilikimbia kwenye roshani zile mpaka mlinzi akanikamata sikio, na nikajikuta naeleza sikio lenyewe ni lipi, na mtu akasema silo, na nikabishana juu ya sikio langu mwenyewe.

Kikombe cha tatu. Bi Mahesabu alisoma matumizi. Kambakoche mmoja, kwa dakika sifuri, alikuwa ametula fedha kuliko vyakula vingine vitatu vilivyomfuata. Kahawa ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko vyote. Alianza kugawa shilingi kwa dakika, ili kila ubishi uwe na bei yake, na alipofika kwa urojo simu ikazima.

"Basi matokeo ni batili," alisema Mpemba. "Saa imekufa uwanjani."

"Ilishapita 34," nikasema.

"Ushahidi?"

Kikombe cha nne kilinywewa juu ya ushahidi.

Hatimaye muuza kahawa, aliyekuwa amechuchumaa muda wote akisikiliza bila kuegemea upande, alisimama, akajikung'uta, akahesabu kwa macho.

"Vikombe 16 na kashata nane," akasema. "Nani analipa?"

Simu ya Bi Mahesabu ilikuwa imezima. Nairobi alikuwa amebakiwa na noti za kwao. Mimi nilitazama bahari. Mpemba aliinua kidole polepole, tukadhani anajitolea, kumbe anatuomba utulivu.

"Hebu sikilizeni," akasema, amegeuza uso Ngomeni. "Huyu jamaa anapiga vizuri."

Tukageuka wote wanne, tukanyamaza, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa tukausikiliza muziki.